Rudi Ukipanda Pamba: Tunamuaga Dada Dorotea

Miaka thelathini na moja. Ndiyo muda Dada Dorotea Luhaga amekaa hapa kliniki yetu ya meno Nyakato, na tarehe thelathini mwezi huu wa sita anastaafu. Wamenipa mimi niandike kwa sababu wanasema najua habari za kila mtu. Wanazidisha. Ila za Dorotea nazijua, maana chumba chake nimekipiga deki miaka kumi na tisa.

Alianza na kazi ya kuchemsha vifaa. Akaenda kusoma, akarudi tabibu wa meno. Enzi hizo watu walikuja kwetu kung'oa tu, mtu anakaa na jino lake mpaka shavu linavimba kama ameficha andazi. Dorotea hakulipenda koleo la kung'olea. Yeye alitaka mtu aje wakati haumwi, asafishwe, aende nyumbani na meno yake yote. Mswaki ni wa kila siku, alikuwa anawaambia, lakini ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe mswaki unapita juu tu, hapo anatakiwa mtu mwenye kifaa.

Shida ikawa kadi. Anaandika rudi baada ya miezi sita, watu wa Magu, wakulima wa pamba, hawarudi. Siyo ubishi, kadi inawekwa juu ya kabati, basi, imesahaulika. Akaanza kuwaandikia kwa kalamu nyekundu: rudi ukipanda pamba. Aliyekuja wakati wa kupanda anaandikiwa: rudi ukivuna. Wakarudi. Mwaka mmoja mvua ilichelewa, Dorotea akakaa Novemba nzima anachungulia mlangoni, hakuna mtu, tulimcheka sana. Januari wakaja wote kwa mkupuo, foleni mpaka kwa fundi baiskeli, kila mmoja anasema ndiyo kwanza kapanda.

Mtu wake mkubwa ni mzee Ng'washi wa huko huko Magu. Mara ya kwanza alikuja fizi zinatoka damu, meno manne ya mbele chini yanacheza, anataka yang'olewe yote aachane nayo. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, alishaiacha, anakunywa uji tu. Dorotea akagoma kung'oa. Akamsafisha. Mzee akatoka ananung'unika kwamba sasa ndiyo yanacheza zaidi, kumbe ukoga ndio ulikuwa umeyashikilia kama udongo. Akaitwa tena, na tena, fizi zikakaza. Yale manne yapo mpaka leo. Kila mavuno analeta mfuko wa michembe, anaitafuna hapo benchini ili tumuone.

Wiki iliyopita amekuja, ameshavuna. Akaambiwa Dorotea anaondoka, atasafishwa na tabibu Obedi, ambaye Dorotea mwenyewe amemfundisha. Mzee akachukua kofia yake.

"Mdomo wangu nilimpa Dorotea," akasema. "Akiondoka, na mimi basi."

Tunamjua, akisema basi ni basi. Na meno yale yakiachwa hivi hivi, uji unamsubiri.

Dorotea hakubishana naye. Alivua koti lake jeupe, akapanda mwenyewe kwenye kile kiti, akamwambia Obedi amsafishe yeye, mzee akiwa anaangalia. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu. Dorotea akanishika mkono.

"Suzana, usiniachie," akaninong'oneza.

Miaka yote hiyo amewatuliza watu kwenye kile kiti, mimi najua haogopi kitu. Kumbe anakiogopa kama sisi. Nikaweka ndoo chini, nikamshika mpaka mwisho. Obedi alienda taratibu, kama alivyofundishwa. Dorotea akasukutua, akamfunulia mzee meno yote. Mzee akayaangalia weee. Halafu akaning'iniza kofia msumarini, akapanda.

Siku hiyo Obedi aliandika kadi mbili kwa kalamu nyekundu.

Dada Dorotea, asante kwa midomo yote uliyoihangaikia, na wangu umo, ndiyo maana bado naongea hivi. Mungu akupe afya, ukalime shamba lako kwa raha, wajukuu wakusumbue kidogo tu. Kadi yako usiiweke juu ya kabati. Ukipanda pamba, rudi. Mkono wa kukushika upo.

Suzana, wa usafi