Theluji ya Mama Konsesa na Msitu wa Ndugu Anasitazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu mliokusanyika hapa Remera! Asifiwe na anayeelewa, asifiwe na ambaye bado haelewi, maana mimi ni wa kundi la pili.

Mnanijua, ni mwalimu wa hesabu. Nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, nikafanya mitihani ya chuo kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata digrii nikiwa tayari na mvi. Mwaka huu wa 1990 vyuo viwili vikanikubali kwa masomo ya juu: kimoja Ubelgiji, chenye jina kubwa, kingine Yaunde, Kamerun, kidogo, ambako profesa mmoja alisoma kazi yangu akanirudishia maswali. Vyote vilitaka jibu kabla ya Pasaka, na anayekataa hapokewi tena.

Ndugu zangu, nilichanganyikiwa! Mimi ninayewaambia wanafunzi kwamba kila swali lina njia, sikuona njia. Nilipima chuo na chuo: jioni inashinda Ubelgiji, asubuhi Yaunde. Nilifunga. Nikaenda chumba cha maombi cha Kiyovu, nikapanda kilima hadi kile cha Rebero, nikaja kwenu. Kila mmoja akanipa maono yake! Mke wangu akachoka: "Baba Grasi, nenda popote, tutakufuata. Ila wajibu watu!"

Ndipo siku ile ya maombi, Mama Konsesa, shemasi wetu, akasimama. "Mwalimu, nimekuona ndani ya theluji, umevaa koti nzito."

Ndugu Anasitazi akaruka. "Hapana, mama! Mimi nimemwona ndani ya msitu. Iko joto, anatoka jasho!"

"Ni theluji!"

"Wewe theluji uliiona wapi?"

"Kwa kalenda!"

"Yoo! Basi ile ni ukungu ya Rebero, mama."

Mlicheka, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu vyuo vinijibu. Mama Konsesa naye akacheka mpaka akajifuta macho, kisha akaniuliza: "Lakini mwalimu, wewe mwenyewe unatamani wapi?"

Mdomo ukajibu kabla sijapima: "Kwa yule mwenye maswali."

Nikalia mbele yenu. Maisha yangu yote nimesoma peke yangu, hakuna aliyewahi kuniambia, "Hapa umekosea." Nilikuwa nikimsihi Mungu aniamuru, kwa sababu niliogopa kumwambia ninachotaka. Kifungo kile Bwana alikikata siku hiyo!

Jumatatu nikawaandikia Wabelgiji kwamba siendi. Sitawadanganya: hata jana nilijiuliza kama nimetupa jina kubwa kwa ajili ya maswali ya mtu nisiyemjua. Sina ishara yoyote mkononi. Ila nimeacha kuitafuta, na usingizi umerudi.

Nawashukuru wote mlioona, na mlioona tofauti. Nawe unayezunguka na swali lako toka chumba kimoja cha maombi hadi kingine, mwambie Bwana leo, wazi, unachokitamani. Usimwogope! Akitaka kukukatalia, yeye ni Baba, anajua namna. Amina!