Barua za Mjane Aliyeuliza Viatu

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumsikia. Kazini kwake walimwita Mama Maboksi. Alikuwa mtunza nyaraka katika taasisi ya zamani ya utafiti wa homa ya manjano. Wiki iliyopita moyo wake ulisimama, naye akatutoka. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Maboksi, mtunza barua za homa ya manjano, hatunaye tena.

Chumba chake kiko chini kabisa, mwisho wa korido. Hakina dirisha. Kina baridi, maana karatasi kuukuu hazipendi joto, kwa hiyo mama huyu alivaa sweta mwaka mzima. Akitoka nje mchana, jua likiwaka, walinzi wa getini walimtania: "Mama, leo umetoka kwenye friji gani?" Naye hakuwa mtu wa kuachwa nyuma kwa maneno. Aliwajibu, "Nyinyi je, mbona mnanukia kuungua?"

Humo chumbani, wasikilizaji wapendwa, mna barua. Maboksi kwa maboksi ya barua za watafiti wa zamani. Kuna waliodhani homa ile inaletwa na uchafu, na hewa mbaya, na mashuka ya wagonjwa. Kuna waliosema ni mbu, wakachekwa. Wanabishana, wanalaumiana, wanaagiza vizimba vya kima, wanalalamikia chupa zilizovunjika njiani. Barua za mwisho mwisho zinazungumzia chanjo, hiyo ambayo pengine wewe unayenisikiliza uliwahi kuchomwa begani na ukasahau kesho yake.

Kazi ya Mama Maboksi ilikuwa kuzitunza. Aling'oa pini zenye kutu bila kuchana karatasi. Kalamu ya wino haikuvuka mlango wake. Aliruhusu penseli tu. Chai ilinywewa koridoni. Mwenzake wa miaka mingi, mzee ambaye hapo kazini anaitwa Mzee Penseli, aliniambia: "Ukiingia na mikono ya mafuta, hata uwe mkurugenzi, anakurudisha bombani. Na anasimama kuangalia kama umetumia sabuni."

Lakini mama huyu aliwahi kukosea. Kosa lenyewe ni la watu wa kazi yake, na ndilo lililonifanya niandae kipindi hiki.

Miongoni mwa barua zile kuna za mjane mmoja. Mumewe alikuwa daktari kituoni. Aliambukizwa homa ileile aliyokuwa akiitafiti, akafa. Mjane alikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Akaanza kuandika kwa wakubwa wa kituo. Hakuuliza mumewe alikufaje. Hakuuliza amezikwa wapi. Aliuliza viatu. Viatu vya kahawia, vilivyotiwa soli mpya kabla ya safari, viko wapi? Barua iliyofuata aliuliza mwavuli. Kisha godoro, nani analilalia? Kisha akarudi kwenye viatu. Kituo kilimjibu kwamba viatu si jambo la ofisi. Baadaye kikaacha kumjibu kabisa.

Mama Maboksi alizikuta barua hizo akiwa bado mgeni kazini. Kanuni ya chumba kile ni kwamba barua huwekwa kufuatana na jambo linalozungumzwa. Sasa hizi zilizungumzia nini? Viatu, mwavuli, godoro. Basi akachukua penseli, akaandika juu ya jalada: "Stoo na vifaa." Akazitia kwenye boksi moja na barua za vyandarua na vizimba vya kima. Mzee Penseli anakumbuka alivyosema siku hiyo: "Huyu mama kafiwa na mume au kafiwa na viatu?" Wakacheka wote wawili. Alipofika hapo, mzee aliniomba radhi bila sababu.

Miaka ikapita. Mama Maboksi alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni binti, fundi cherehani. Kitinda mimba alikuwa kijana wa kiume, fundi wa minara ya simu. Siku moja, wasikilizaji wapendwa, kijana yule alianguka kutoka kwenye mnara. Hakufika hospitali akiwa hai.

Waombolezaji walijaa nyumbani. Mama Maboksi hakulia. Alikaa kwenye mkeka, akapokea mikono, akaitikia "tumepoa" kwa kila pole, akawauliza wageni kama wamepata maji. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ndivyo tunavyosema. Ila majirani waliangalia yale macho makavu wakaanza kunong'onezana. Haukupita muda mrefu baada ya mazishi, akachukua simu na kuipigia kampuni aliyofanyia kazi mwanawe. "Samahani, jaketi lake liko wapi? La bluu. Na bakuli lake la chakula cha mchana?" Wakamwambia watafuatilia. Akapiga tena. Wakamwambia mhusika hayupo. Akapiga tena, na tena.

Binti yake alikuwa jikoni, anasikia kila kitu.

"Nilitoka na mwiko mkononi," binti aliniambia. "Nikamwambia, Mama, mdogo wangu yuko kaburini, wewe unadai jaketi? Unadai bakuli? Hivi ulimpenda kweli? Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akasema, 'Lile bakuli lina mfuniko wake.' Basi. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka."

Binti hakurudi. Mama hakumfuata. Likipita neno baina yao, lilipitia kwa shangazi yake binti. Hapo ndipo Mama Maboksi alipokuwa karibu kumkosa hata mtoto aliyebaki, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Lakini alimweleza shangazi kwamba ndani yake hakuna kitu. Hakuna maumivu, hakuna hasira. Anaamka, anaoga, anakwenda kazini, anarudi. "Niko kama mkono uliolaliwa," alimwambia.

Siku moja mwanafunzi wa historia aliomba boksi la stoo. Alikuwa anachunguza bei ya vyandarua. Mama Maboksi akalishusha, akalikagua kama kawaida yake kabla ya kulitoa. Akakuta barua za mjane. Mzee Penseli anasema alizisoma akiwa amesimama, moja baada ya nyingine, na mwanafunzi akangoja mpaka akachoka. Alipomaliza, akachukua kifutio, akafuta yale maneno, "Stoo na vifaa." Akaandika neno moja: "Msiba."

"Nilimuuliza kulikoni," mzee aliniambia. "Akanijibu, 'Tulimcheka bure. Huyu mama alikuwa anatafuta mtu wake.'"

Kisha yeye mwenyewe alimpigia simu binti yake, bila kupitia kwa shangazi. Akamwomba aje kazini. Binti alikuja amenuna, mdomo umevutwa hadi huku. Mama hakumkumbatia. Alimpeleka bombani kama mgeni mwingine yeyote, akasimama kuona kama ametumia sabuni. Akamkalisha mezani, akamwekea jalada mbele yake. Yeye akarudi kwenye meza yake na kujifanya ananoa penseli.

Binti alizisoma zote. Kisha akasema, "Huyu mama hakujibiwa?"

"Hakujibiwa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Na mimi, mwanangu, nimeuliza. Hakuna aliyenijibu."

Binti aliinuka. Alitoka mle ndani, akaenda moja kwa moja kwenye bohari ya kampuni ile ya minara. Getini wakamwambia mhusika hayupo. Akawaambia sawa, akakaa juu ya tofali, akangoja mafundi watoke kazini. Walipotoka, akaliona jaketi la bluu. Lilikuwa limevaliwa na kijana aliyefanya kazi na marehemu. Kijana yule aliposikia yeye ni nani, alilivua palepale, akalikung'uta vumbi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Alisema alilivaa kwa sababu hakujua ampe nani. Bakuli halikuonekana.

Binti akampelekea mama yake nyumbani. Mama Maboksi alilipokea jaketi na kuligeuza huku na huku, alivyozoea kukagua karatasi. Akajaribu kuvuta zipu, ikakwama katikati.

"Nilimwambia akupelekee uitengeneze," akasema.

"Hakuniletea, mama."

"Nilimwambia zaidi ya mara moja."

Hapo ndipo alipolia. Binti anasema alilia kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu yeyote, mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Zipu ile haijatengenezwa hadi leo. Mama alikataza.

Toka siku hiyo walikuwa mama na binti tena. Waligombana, wakapatana, wakagombana tena, kama watu wanaopendana.

Wasikilizaji wapendwa, juzi nilikwenda kumpa pole binti huyo. Nyumba ilikuwa na watu. Yeye alikuwa kwenye cherehani yake, anashona sare za shule za mteja. "Sisikii chochote," aliniambia. "Watu wananiambia lia, utapata nafuu. Nitalia na nini?"

Ila jambo moja alilifanya. Asubuhi baada ya kifo aliipigia simu taasisi. Akapokea Mzee Penseli. Mzee aliniambia alikuwa ameshapanga maneno yake ya rambirambi, maneno mazuri kabisa. Hakupata nafasi ya kuyatoa. Binti aliuliza, "Mzee wangu, miwani ya mama iko wapi?"

Mzee akamwambia, "Ngoja, mwanangu." Akaiweka simu mezani bila kuikata, akaenda kutafuta. Akarudi.

"Iko kwenye droo yake. Mkono mmoja umefungwa uzi."

"Uzi mweusi?"

"Mweusi."

"Nilimpa mimi huo uzi."

"Basi nakuletea leo hii. Siipitishi kwa mtu."

Na aliileta, kwa miguu yake yenye gauti.

Kwa binti wa marehemu, kwa shangazi, kwa Mzee Penseli na wote wa taasisi ile, poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira, na amlaze mama yetu mahali pema.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Ni mara ngapi tumesimama msibani tukahesabu machozi ya mwenzetu? Tukasema huyu ana moyo wa jiwe, huyu hakumpenda marehemu? Ukifika kwenye msiba, wewe unayenisikiliza, na mfiwa akakuuliza viatu, usimpe hotuba, wala usimwambie si wakati wake. Inuka ukavitafute.