Gekara Mosoti, Aliyepima Petroli Kimulot

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Gekara Mosoti, aliyezikwa Jumamosi kwao Kisii. Gekara alipima petroli. Nasema tena, alipima petroli, katika shamba la chai upande wa Kimulot.

Miaka mitano iliyopita, mwaka wa sabini na nne, mnakumbuka petroli ilivyoadimika. Madereva wengine wakaanza kuiuza kisichosi na kujazia chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na malori ya majani chai yakawa yanazimika mlimani. Gekara akapewa chupa ndefu yenye alama. Unatia maji mpaka kwenye alama, unamimina petroli juu, unatikisa, unangoja. Maji hukaa chini. Yakipanda kupita alama, ujue kuna pombe, maana pombe huiacha petroli ikafuata maji. Dereva anafutwa siku hiyo hiyo.

Sasa, Gekara alikuwa na wivu. Si wa mchezo. Mkewe Nyanchoka, mama wa binti yao Mellen, ameniambia mwenyewe: "Baba Mellen akiona nimesalimia hata mhubiri, chakula hakishuki." Na aliyemchoma roho zaidi ni Phelix, dereva kutoka upande wa ziwa, mrefu, mcheshi, shati limepigwa pasi. Siku moja Phelix alimpa Nyanchoka lifti kutoka sokoni, naye akashuka akicheka. Basi. Tangu hapo lori la Phelix likawa linapimwa mara mbili kwa siku.

Asubuhi moja Gekara anatia maji kwenye chupa, huku macho yakiwa dirishani. Phelix huyo, amesimama na Nyanchoka. Wanacheka nini hawa? Akamaliza kupima. Maji yamepita alama. Gekara alifurahi, wapendwa, tusifiche. Alifurahi sana.

"Pima tena, ndugu yangu," Phelix akamwomba mbele ya meneja. "Niko na watoto watatu."

"Chupa imeshasema," Gekara akajibu.

Phelix akafutwa. Saa sita mchana alionekana barabarani, godoro kichwani. Gekara akarudi stoo, lakini hakutulia. Petroli ile ilikuwa imebaki kidogo kwenye mkebe. Akapima tena, safari hii akiitazama chupa. Maji hayakupita alama, hata kidogo. Ndipo akaelewa: asubuhi, macho yakiwa dirishani, alizidisha maji.

Angenyamaza, nani angejua? Akaenda kwa meneja mbio. "Petroli yake ni safi. Mimi ndiye niliyezidisha maji, kwa sababu ya wivu."

Phelix akarudishwa kazini. Gekara akanyang'anywa chupa, akapewa kikapu. Alichuma chai mpaka alipougua.

Jumamosi nilimwona Phelix mazikoni. "Nilimkasirikia miaka minne," akaniambia. "Mwaka jana nikaenda kwake, tukala ugali. Nashukuru sikungoja mwaka huu."

Bi Nyanchoka, binti yako Mellen na jamaa yote, poleni sana. Nanyi wasikilizaji, wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Kama kuna mtu ulimsingizia, na bado yuko hai, zima redio uende ukamwambie.