Kibao cha Mrithi na Kosa Lililokuwa Langu

Mheshimiwa Meya wa mji wetu, Padri Feofan, wafanyakazi wenzangu wa makumbusho, ndugu wageni mliokanyaga theluji kuja kutuunga mkono, na wewe Kapitolina Sergeyevna, ambaye tangu asubuhi unatafuta mlango wa kutorokea:

Nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa kazi ya kumuaga mwongoza wageni aliyetumikia kumbi hizi miaka arobaini na mitano. Ningeweza kumsifu kisha nikaketi. Lakini je, nitamsifuje mtu ambaye nimekaa na deni lake la neno moja kwa miaka tisa?

Wakati ule nilikuwa mkurugenzi mpya. Tulikuwa tunafungua upya ukumbi wa juu, na chini ya picha kubwa ya mrithi wa kiti cha enzi nilikuwa nimeagiza kibao cha shaba. Siku moja kabla ya sherehe, Kapitolina Sergeyevna akanifuata mbele ya wafanyakazi wote.

“Rodion Pavlovich, kibao kimekosewa. Kimeandikwa ‘tsarevich’. Yule ni tsesarevich.”

“Kwani kuna tofauti gani? Mtoto wa mfalme ni mtoto wa mfalme.”

“Ipo. Zamani kila mtoto wa kiume wa tsar alikuwa tsarevich, hata wawe kumi. Tsesarevich ni mmoja tu, yule anayengojewa kukalia kiti.”

“Sasa silabi moja hiyo nani ataiona?”

“Mimi nimeshaiona.”

Watu wakacheka. Hawakumcheka yeye, ndugu zangu. Walinicheka mimi, na damu ikanipanda kichwani.

“Kama una macho makali hivyo,” nikamwambia, “nenda ukatazame makoti!”

Akaenda. Mwanamke aliyeongoza maprofesa na mabalozi akakaa kwenye chumba cha makoti karibu majira yote ya baridi, akipokea kofia zilizolowa. Nami, ili uamuzi wangu uonekane wa haki, nikaandika onyo katika jalada lake: amezembea kukagua maandishi ya ukumbi.

Lakini punde nikaona wageni wanachelewa kupanda ngazi. Wamekwama wapi? Kule kwenye makoti! Anapokea koti huku anawasimulia kwamba Kaisari lilikuwa jina la ukoo wa mtu wa Roma, kama mimi nilivyo na langu na wewe na lako. Waliomfuata wakalivaa jina hilo kama cheo. Likaja hadi kwa mababu zetu kinywa kwa kinywa, likifupishwa njiani, mpaka likawa “tsar”. Kisha enzi za tsar aliyeitwa Pavel ikaamriwa mrithi aitwe tsesarevich, cheo ambacho ukikisikiliza vizuri, Kaisari bado yumo ndani yake, mzimamzima.

“Kumbe tsar ni jina la mtu tu!” nilimsikia mzee mmoja akishangaa.

“La mtu tu, babu. Na aliuawa na rafiki zake. Shika namba yako, usiipoteze.”

Mwezi wa Februari akaja mwalimu mmoja kutoka Kostroma. Aliteremka kutoka juu amefura, nami nilikuwa nyuma yake kwenye ngazi.

“Aliyeandika kile kibao alisoma wapi? Mkurugenzi wenu kalala?”

Nilijua kinachokuja, na nilijua nimestahili.

“Mkurugenzi hana kosa, mama,” akajibu Kapitolina Sergeyevna. “Kukagua ilikuwa kazi yangu. Nilichelewa.”

“Ndiyo maana wamekutupa huku!”

“Huku kuna joto. Vaa skafu vizuri, nje kuna upepo.”

Ndugu zangu, siku hiyohiyo nilichukua bisibisi nikaking’oa kibao kwa mikono yangu. Asubuhi yake nikamwambia arudi ukumbini, eti kuna mwenzake anaumwa. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Neno “nisamehe” lilinishinda, na onyo likabaki jaladani. Mara mbili jina lake lilipelekwa apewe nishani, mara mbili likarudishwa kwa sababu ya karatasi ile. Nami nilinyamaza.

Leo Mheshimiwa Meya anayo barua yangu mkononi. Nimeandika kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba onyo lilikuwa la uongo, na kwamba nishani irudi kuzungumzwa, hata kama cheo changu kitazungumzwa pamoja nayo. Kapitolina Sergeyevna, mbele ya hawa walionisikia nikikufukuza, nakuomba unisamehe.

Naona anainuka. Anasemaje? Sema kwa sauti, tafadhali, na walio nyuma wasikie.

“Nimesema nilikuona siku ile kwenye ngazi, Rodion Pavlovich. Nikajiambia, huyu atasema kesho. Basi imekuwa kesho ndefu. Nimekusamehe. Sasa shuka hapo.”

Nashuka, Kapitolina Sergeyevna. Nanyi nyote, kwa subira ya masikio yenu, asanteni sana.