Kamanda Aliyewashindanisha Wakunja Mashuka

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, msimamizi wa idara ya ufuaji ya hospitali yetu atakabidhi funguo na kwenda nyumbani. Wodi zote zinamjua kwa jina la Kamanda. Jina hilo alilipenda sana, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza kwamba lilianza kama dhihaka.

Aliingia akisukuma matoroli ya nguo chafu, akapanda hadi kuendesha mashine, kisha akapewa meza. Balaa lilianzia mezani. Alihudhuria semina moja ya tija kazini, akarudi na imani kwamba binadamu hafanyi kazi mpaka ashindanishwe. Ukutani ukatundikwa ubao wa alama, na juu yake picha ya mfanyakazi bora wa wiki. Wafuaji walihesabiwa mashuka waliyofua. Wakunjaji, kila mmoja kivyake, waliyokunja.

Ni vyema kumweleza asiyewahi kufika kwetu: shuka la hospitali ni refu, na hukunjwa na watu wawili, kila mmoja na ncha zake. Sasa nani amshikie mwenzake ncha, na picha ni ya mtu mmoja? Kila mtu akakunja peke yake, upande mmoja kaubana kidevuni, mwingine unafagia sakafu. Shuka lililogusa sakafu lilirudi kwenye mashine, likafuliwa na kuhesabiwa upya. Ubao ukafurika alama. Wodini, wagonjwa wakalalia magodoro matupu.

Kamanda alipeleka takwimu zake kwa uongozi, kifua mbele. Akaonyeshwa malalamiko ya wauguzi, na kuambiwa kwamba mambo yasipotengemaa kufikia mwisho wa mwezi, kazi itapewa kampuni ya nje na idara nzima itafungasha virago. Alirudi, akaitisha kikao, akahutubia juu ya moyo wa kujituma. Hotuba ilikula asubuhi yote, na mashuka yakasubiri.

Aliyemkatiza ni Mama Pasi, bingwa wa wiki hiyo, shingo imemkakamaa kwa kubana mashuka.

"Baba, maneno tumeshiba," alimwambia. "Shika ncha hii."

Akaishika. Shuka lake la kwanza lilitoka limepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mama Pasi akamwambia avute, aache kuutazama ubao. Kufikia jioni meza zote zilikuwa zikikunja wawili wawili, watu wakitaniana, anayechoka anapokewa. Mwezi ulipokwisha, kabati za wodi zilikuwa zimejaa, na habari za kampuni ya nje hazikusikika tena. Ubao aliuteremsha Kamanda mwenyewe, kwa kisingizio kwamba ukuta unahitaji rangi. Rangi haijapakwa hadi leo.

Tumpe haki yake: tangu siku ile alikunja mashuka kila asubuhi kabla ya kuketi mezani, na hakuna mtu wa idara hii aliyepoteza kazi. Tumpe na lawama yake: kwenye vikao vya wakubwa bado anasimulia kwamba kukunja wawili wawili ni ubunifu wake.

Asante, Kamanda, kwa kukubali kufundishwa ukiwa tayari mkubwa. Wengi hustaafu kabla ya hapo. Tunakuombea mapumziko ya raha na mgongo usiouma. Nawe shemeji, utakayekuwa naye nyumbani mchana kutwa: akianza kuwapa wajukuu alama, usibishane naye. Mpe sahani aoshe.