Mzee Mwishehe, Redio za Jeshi na Jumamosi ya Goba

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Karakana ya Mizani Mtoni inamuaga Ndugu Mwishehe Anwar Pazi, fundi mizani, aliyeitumikia kwa miaka thelathini na minne kasoro siku tatu. Siku hizo tatu nimezitoa kwenye faili lake, kwa sababu kazi yangu ni masjala na sipendi makadirio. Jumatatu ijayo anatimiza miaka sitini, anakabidhi ufunguo wa kabati namba saba na anakwenda zake nyumbani Goba.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Meneja wetu, Bwana Revelian. Mzee Mwishehe akamfuata ofisini akaomba niuandike mie, Farida Azan. Nilikataa mara mbili. Wafanyakazi wa zamani mnajua kwa nini: mume wangu Badru, naye fundi wa hapa hapa, alifia uani kwa Mzee Mwishehe, mikono ikiwa ndani ya redio ya jeshi. Ninyi wageni mnachojua ni kwamba mie na Mzee hatukai benchi moja. Mara ya tatu nilikubali, na msidhani nimekubali kwa sababu nimemsamehe. Swali la nani amsamehe nani ndilo lililonikosesha usingizi mwezi mzima, na leo nitalijibu mbele yenu.

Tuanze na kazi, maana kazi aliifanya. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991 kama fundi msaidizi. Ndani ya miaka sita alikuwa anatumwa peke yake kukagua mizani za wauza nyama wa Vingunguti, kazi ambayo mafundi wengine walikuwa wakisikia tu wanaanza kuumwa tumbo. Wale jamaa wana visu na wana midomo. Kuna mmoja alilalamika kwamba mizani yake imeharibika, inapunguza kilo. Mzee akaikagua asubuhi nzima, akaandika kwenye fomu kwamba mizani ni nzima, kilichokuwa kinazidisha kilo miaka yote ni kidole gumba cha mwenye duka, na sasa kidole kina jeraha. Fomu hiyo bado ninayo. Mwaka 2009 akawa mkuu wa karakana, na katika miaka mitano ya ukuu wake hatukurudishiwa hata mizani moja yenye malalamiko.

Mnakumbuka pia tulivyokuwa tukimwita Mkono Mfukoni. Akifungua kifaa chochote chenye umeme, mkono wa kushoto anautia mfukoni, anafanya kazi na wa kulia tu. Wengine walimwona ana maringo. Yeye alisema umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea wa pili unapita kwenye moyo, kwa hiyo mkono usio na kazi ukae ndani. Ustadi huo hakuupata kwenye mizani. Aliupata kwenye redio.

Redio ya kwanza aliipata mwaka 1996 kwa wauza vyuma chakavu. Lilikuwa sanduku la kijani, zito kama mfuko wa saruji, na muuzaji alikuwa akiapa kwamba ni chaja ya betri za lori. Mzee akatambua kwamba ni redio ya jeshi la Waingereza, ya enzi za vita vya dunia, akaibeba hadi nyumbani na kuihangaikia miezi minane. Baada ya hapo hakushikika. Akazipata za Kirusi, za Kichina, simu za mahandaki zenye mkono wa kuzungusha, hadi zikafika ishirini na tatu. Vipuri alivitoa kwenye redio za sebuleni zilizokufa na kwenye mashine za sinema. Na kila redio, kabla ya kuiwasha, alikata sehemu ya kurushia sauti ibaki ya kusikiliza tu, kisha akapeleka barua ya kuijulisha serikali ya mtaa. Hata hivyo, walipoona antena juu ya kilima anachokaa kule Goba, majirani walimletea askari wawili kwamba ni jasusi. Askari wakanyweshwa chai, wakavalishwa hedifoni, na mmoja akarudi wiki iliyofuata na redio ya baba yake inayokwaruza.

Sasa Badru. Mume wangu alikwenda Goba Jumamosi moja kushangaa, na kuanzia hapo kila Jumamosi nikawa mjane wa mchana. Nilizoea kusema kwamba nimeolewa uke wenza na mabati. Akirudi amechakaa kwa vumbi, ananieleza habari za valvu za kioo, zile taa za ndani ya redio, zinavyowaka taratibu, rangi ya chungwa, nami nakuna nazi huku nikimwangalia kwa jicho la pembeni. Alikuwa na furaha, jamani. Leo nalisema hilo, wakati huo sikulisema hata siku moja.

Jumamosi ya tarehe 15 Machi 2014 nyumbani kwetu Vingunguti tulikuwa tunapokea posa ya mdogo wangu, Shamimu. Baba yetu hayupo, kwa hiyo msemaji wa familia alikuwa Badru. Wageni walikuwa watoke Ukonga, wafike saa nane. Asubuhi aliniambia anakwenda mara moja tu kumsaidia Mzee kubeba redio kubwa ya lori, atarudi kabla ya adhuhuri. Saa sita na nusu hayupo. Nikampigia simu. Nikampigia ya pili. Ya tatu alipokea kwa spika, maana mikono ilikuwa na grisi.

Mafundi hapa mnajua, na wengine naomba mnielewe: redio kubwa za namna ile zina kapasita zinazobaki na umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mzee alikuwa na utaratibu wake. Ana fimbo yenye mnyororo uliofungwa kwenye chuma kilichozikwa ardhini, anaugusisha kwenye kapasita mara tatu, umeme uliobaki unazama chini, ndipo mtu mwingine aruhusiwe kusogea. Kazi hiyo hamwachii mtu. Siku ile alikuwa amechomoa waya tu, mnyororo hajaugusisha, adhana ikaita, akaenda bombani kutia udhu. Alimwambia Badru asiguse kitu mpaka atakapomaliza kuswali.

Najua alimwambia hivyo kwa sababu Badru aliniambia kwenye simu. Alisema bado kufunga kifuniko tu, lakini Mzee kamkataza kugusa mpaka atoke kuswali, nimvumilie dakika kumi. Nikamjibu kwamba wageni wa watu hawamsubiri Mzee Mwishehe amalize sala zake. Nikamuuliza, kifuniko unashindwa kufunga mwenyewe, huna mikono? Na kama umeyaoa hayo mabati, lala huko huko. Badru akasema taratibu, Farida, Mzee anakusikia. Na kweli alikuwa akinisikia, kwa sababu nami nilimsikia akicheka pale bombani. Nikakata simu.

Badru alifunga kifuniko mwenyewe. Kwa mikono miwili, kwa haraka. Wageni wa posa waliingia Vingunguti saa nane na dakika kumi wakakuta tunalia.

Mzee alikaa mahabusu siku nne. Polisi walipomhoji, na wazee wa ukoo wa Badru walipomhoji, jibu lilikuwa moja: yeye ndiye aliyemwambia Badru kwamba redio iko salama, afunge. Hakutaja simu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani kwenye kikao cha wazee, nimejifunika kanga, namsikiliza akisema uongo ule, nikasubiri aseme la kweli, hakusema. Nikanyamaza. Kisha nikafanya baya zaidi, nikasimama nikamlaani mbele ya watu na kumwambia avunjevunje redio zote.

Kesi ilifungwa kama ajali. Hapa kazini alivuliwa ukuu wa karakana, akarudishwa fundi wa kawaida, na kwa miaka kumi na moja hajaomba kurudishiwa. Redio zake aliziwekea turubai. Hajawasha hata moja tangu siku ile. Kila Idi alifika mlangoni kwangu kunipa mkono, nami nikawatuma watu waseme sipo, huku viatu vyangu viko kizingitini na yeye anaviona. Kwenye futari ya mwaka 2019 alijongea kwenye sinia nililokaa, nikamshika mwanangu mkono tukahama, karakana nzima ikitazama. Mlidhani ni uchungu wa mjane. Uchungu ulikuwepo, sikatai. Lakini zaidi ya uchungu ilikuwa hofu: kila nikimwona akifungua mdomo, nilidhani leo ndiyo leo, anasema.

Hakusema. Mwezi uliopita alipokuja masjala kuniomba niandike, alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaniambia kwamba Jumatatu, akishakabidhi ufunguo, gari la vyuma chakavu litakuja Goba kuchukua zote ishirini na tatu, kama nilivyotaka. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Miaka kumi na moja mtu kabeba mzigo wangu, halafu ananiomba radhi mie! Nikajifanya natafuta faili.

Najua na yeye ana sehemu yake. Angetoa ule umeme kabla ya kwenda bombani, Badru angekuwa hai. Mwenyewe amejilaumu kwa hilo tangu siku ya kwanza na sitamwondolea, kwa sababu ni kweli. Lakini maneno ya mwisho mume wangu kuyasikia duniani yalikuwa yangu, na ndiyo aliyoyatii. Mwanangu nimemweleza juzi. Ameniuliza kwa nini nilikaa kimya, na tangu juzi hatujazungumza sana. Bwana Revelian ameusoma wasifu huu, akaniuliza kama nina hakika nataka uchapwe hivi ulivyo. Nikamwambia uchapwe hivi hivi.

Mzee wangu, shikamoo. Karakana inakushukuru kwa mizani zilizosema kweli, kwa mafundi kumi na wawili uliowafundisha, na kwa kufanya kazi miaka kumi na moja katikati ya watu waliokununia bila wewe kumnunia hata mmoja. Lile gari la vyuma chakavu nakuomba ulikataze. Niliyekutuma kuvunja nilikuwa muongo.

Wenzangu wote wanakuombea umri mrefu, afya na utulivu nyumbani kwako. Mie nakuombea hayo hayo, na naongeza hili: kuanzia leo, mtu yeyote akikuuliza Badru alikufaje, usimjibu. Mlete kwangu.

Farida Azan
Masjala