Spéciose Nininahazwe, Kocha wa Wasichana wa Bellevue (1974–2025)

Spéciose alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974 huko Ngozi, Burundi, mtoto wa tatu wa marehemu Gustave na marehemu Béatrice. Alisoma hapohapo Ngozi mpaka vita vya mwaka 1993 vilipomkatisha. Shuleni alicheza mpira na wavulana, na kaka yake Melchior alimficha kwa baba kila alipochana sketi.

Alifika Johannesburg mwaka 1999, akafungua kiduka cha ushonaji mtaa wa Bellevue. Tarehe 15 Juni 2002 alifunga ndoa na Hugues, wakajaliwa binti mmoja, Ariane.

Mwaka 2009 alianzisha timu ya soka ya wasichana, akiwafundisha kila Jumamosi kwenye uwanja wa mtaa wa Observatory. Jezi alishona mwenyewe. Watu walimwambia nchi hii inapenda ragbi, nani atawatazama wasichana wa wahamiaji? Akajibu, "Mimi nitawatazama."

Spéciose alikuwa na wivu. Aliomba mwenyewe jambo hilo lisemwe leo.

Mwaka 2021 mwalimu wa ragbi wa shule moja ya kulipia, Bwana André, alimwona Carmel, mchezaji bora wa timu, akipiga mpira kwa mguu wa kushoto. Akampa Spéciose barua ampelekee mama wa mtoto: Carmel aje kwenye majaribio, akifaulu atasoma shuleni hapo bila karo. Spéciose aliisukumiza barua kwenye droo ya cherehani. Carmel alikuwa mikononi mwake tangu ana miaka minane, leo mtu aje amchukue kwa karatasi moja? Siku ya majaribio ikapita.

Baada ya miezi miwili alishindwa kumtazama Carmel usoni. Akaenda saluni kwa Agnès, mama wa Carmel, akamkabidhi barua.

"Mama Ariane, uliificha kwa nini?"

"Wivu, Mama Carmel. Sina neno lingine."

Agnès hakumsemesha mwaka mzima. Spéciose alikwenda kwa André, akakiri kosa, akamwombea Carmel nafasi nyingine. Mwaka uliofuata Carmel alichaguliwa.

Kwenye mechi ya kwanza ya ragbi ya Carmel, Spéciose alikaa nyuma kabisa. Carmel alipiga penalti, mpira ukapita katikati ya nguzo, wazazi wakaenda kumpa mkono André. Spéciose akasimama: "Eish! Mguu huo nimeufundisha mimi!" Agnès aligeuka, akacheka hadi machozi, akasogea ampishe nafasi.

Septemba 2024 Spéciose aligundulika kuwa na saratani ya ini. Carmel alimtembelea kila Jumapili, na kila Jumapili aliulizwa, "Huyo André wako bado hajakuchosha?" Alifariki asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, Hugues akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Hugues. Kaka, Melchior, anayewasomea maneno haya. Wasichana ishirini na watatu wa timu. Na binti yake, Ariane. Carmel aliomba naye aandikwe kama binti. Ariane alikataa siku mbili. Jana jioni alikubali.

Mungu ampokee Spéciose, ampe pumziko jema.